Barua ya Lincoln kwa Mama Bixby: rambirambi au hotuba?

Tarehe 21 Novemba 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikiwa katika mwaka wa nne, barua fupi ilitoka Ikulu kwenda kwa Lydia Bixby, mjane wa Boston. Rais Abraham Lincoln anasema ameonyeshwa taarifa kwamba mama huyo amepoteza wana watano vitani. Anakiri kuwa maneno yake ni dhaifu mbele ya msiba wa namna hiyo, anamfikishia shukrani za Jamhuri waliyoifia, kisha anamwombea abaki na fahari ya kutoa sadaka ya thamani kubwa katika madhabahu ya uhuru. Wengi huihesabu kati ya maandishi bora kabisa ya Lincoln.

Ila wana watano hawakufa. Waliothibitika kuuawa ni wawili. Mmoja alitekwa Gettysburg, akaachiwa katika kubadilishana wafungwa, akarudi hai. Mwingine alitoroka jeshini. Wa tano alitekwa pia, na habari zake zinapingana: ama alihamia kwa adui, ama alifia kifungoni.

Kumbebesha Lincoln kosa hilo si haki. Idadi ilitoka kwa maofisa wa jimbo la Massachusetts, ikapitia Wizara ya Vita, naye akaamini alichoonyeshwa. Na uchungu wa mwana aujuaye mzazi: aliyepoteza wawili hahitaji kufikisha watano ndipo astahili pole. Lakini hapo ndipo ninapokwama. Je, Ikulu ingemwandikia kwa ajili ya wawili? Gavana wa Massachusetts aliomba barua hiyo kwa sababu ya hesabu ya watano. Akina mama waliopoteza mmoja au wawili walikuwa wengi mno, na wengi wao hawakuandikiwa na rais.

Kuna pia ubishi wa nani aliandika. Wengine wanamtaja John Hay, katibu wa Lincoln, na uchambuzi wa lugha uliotangazwa mwaka 2017 uliegemea upande huo. Mimi hilo halininyimi usingizi. Viongozi huandikiwa, muhimu asome na akubali. Aibu huja pale hata sahihi inapokuwa ya mashine, kama alivyokiri Donald Rumsfeld, waziri wa ulinzi, mwaka 2004 kuhusu barua kwa familia za wanajeshi waliouawa.

Kinachonisumbua zaidi ni njia ambayo barua hiyo ilipitia. Barua ilimfikia Bi. Bixby tarehe 25 Novemba, na jioni ileile ilikuwa magazetini Boston. Msiba wake ukawa wa kila mtu kabla hajamaliza kuusoma mwenyewe. Anayeitetea atasema, na ana hoja nzito, kwamba taifa lililokwisha kupoteza mamia ya maelfu ya watu lilihitaji kusikia maneno hayo, na rais hawezi kuingia kila nyumba. Miaka mingi baadaye, tarehe 11 Septemba 2011, George W. Bush aliisoma New York mbele ya wafiwa wa mashambulizi ya 2001. Haikuwahusu, na bado iliwafaa. Kama hotuba, basi, naikubali.

Kama rambirambi, nachagua nyingine. Mwezi Desemba 1862 Lincoln alimwandikia Fanny McCullough, binti wa rafiki yake aliyeuawa Mississippi. Humo hamna Jamhuri wala madhabahu. Anamwambia kwamba huzuni humfika kila mtu, na kwa kijana huuma zaidi kwa kuwa humkuta hajajiandaa. Anajua binti haamini kama atapata nafuu tena, anamuuliza kama sivyo, kisha anamhakikishia kwamba atapata, kwa kuwa yeye mwenyewe ameyapitia. Mwezi Februari mwaka uleule alikuwa amemzika mwanawe Willie. Hakumtaja.