Mizani haijasogea, lakini ndani ya msuli kuna mambo

Kuna hoja inazunguka sana siku hizi kwamba mazoezi hayapunguzi uzito, kwa hiyo ukikimbia unajichosha bure, punguza kula tu inatosha. Wanaoisema sio wajinga na hawajaitunga, wana utafiti mkononi, tena uliofanyika hapahapa Tanzania. Mwaka 2012 mtafiti wa Marekani Herman Pontzer na wenzake, akiwemo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha matokeo ya kupima nishati wanayotumia Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi, watu ambao wanaume wanafuata wanyama na asali porini na wanawake wanachimba mizizi, miguu ndio usafiri wao, na wakakuta kwamba ukishazingatia ukubwa wa mwili, Mhadzabe anatumia nishati karibu sawa na Mmarekani anayeshinda kwenye kiti. Pontzer anasema mwili unabana matumizi sehemu nyingine ili jumla ya siku isipande sana.

Hapo lazima tukubali. Mtu anayekimbia nusu saa halafu akirudi anashushia chipsi mayai na soda asitegemee kitambi kitaondoka. Kwenye kupungua uzito chakula ndio kina sauti kubwa, wamepatia.

Ninapoachana nao ni pale wanaporuka kutoka "hayapunguzi uzito" mpaka "hayana kazi". Wahadzabe walipofuatiliwa tena, matokeo yakatoka 2017, walionekana wana wastani wa dakika kama 135 kwa siku za shughuli za nguvu ya kati kwenda juu, na vipimo vyao vya presha na mafuta ya damu vilikuwa vizuri sana. Sasa kama nishati wanayotumia ni ileile ya Mmarekani, afya hiyo imetoka wapi? Chakula chao kinachangia, sawa, ila kuna kitu kinatokea ndani ya msuli ambacho mizani haiwezi kukionyesha, na naona watu hawaelezwi.

Ukila ugali sukari inaingia kwenye damu, kongosho linatoa homoni ya insulini, insulini inaenda kwenye seli ya msuli, na ndani ya seli kuna protini inaitwa GLUT4 ambayo muda mwingi imejificha huko ndani, ikipata taarifa inapanda mpaka kwenye utando wa nje wa seli na kuanza kupitisha sukari. Kwenye kisukari aina ya 2 shida kubwa ni hapo, insulini ipo lakini seli haisikii vizuri, sukari inabaki damuni. Lakini msuli ukifanya kazi, kule kujikunja kwenyewe, ile kalsiamu inayomwagika ndani ya seli na nishati inayopungua, kunaamsha njia nyingine kabisa, na kimojawapo cha vimeng'enya vinavyohusika kinaitwa AMPK, basi GLUT4 inapanda juu bila kusubiri insulini. Ni kama nyumba ambayo kitasa cha mlango wa mbele kimekwama lakini mlango wa uani unafunguka. Na kwa wagonjwa wa kisukari aina ya 2 mlango huo wa uani unafanya kazi vizuri tu! Haikuhitajika hata gramu moja ya nyama uzembe ipungue, hilo linaanza ukiwa bado uko njiani unatembea, na ukishamaliza msuli unaendelea kuisikia insulini vizuri zaidi kwa siku moja mpaka mbili hivi.

Ndio maana nang'ang'ania utafiti wa Da Qing, China. Ulianza 1986, watu 577 ambao sukari yao ilishaanza kupanda ila hawajafika kwenye kisukari, kliniki zao zikagawanywa makundi manne, wengine walipewa ushauri wa kawaida tu, wengine mpango wa chakula, wengine mazoezi, wengine vyote viwili. Baada ya miaka 6, kwenye kundi la ushauri wa kawaida waliopata kisukari walikuwa 68%, kundi la chakula 44%, la mazoezi 41%, la vyote viwili 46%. Angalia hiyo 41% vizuri. Mazoezi peke yake yamesimama bega kwa bega na chakula, na zaidi ya hapo wembamba na wanene walifaidika karibu sawasawa. Mwembamba hana uzito wa kupunguza, kwa hiyo hapo huwezi kusema ni mizani iliyofanya kazi. Ila pia tusijidanganye, 41% bado ni watu wengi walioumwa pamoja na tizi lote hilo, na wanaosema ukichanganya vyote viwili faida inajumlishwa waangalie ile 46%.

Mabadiliko ya muda mrefu nayo yapo. Mwaka 1967 mtafiti John Holloszy kule St. Louis, Marekani, aliwakimbiza panya kwa wiki 12, akakuta uwezo wa mitokondria za misuli yao, yaani vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, kutumia oksijeni umeongezeka maradufu. Na mwaka 2024 mradi mkubwa wa Marekani unaoitwa MoTrPAC ulitoa matokeo ya panya waliofanya mazoezi wiki 8, wakachunguza tishu 19, moyo, ini, figo, mapafu, damu, na zote zilikutwa na mabadiliko. Ni panya, sawa, binadamu bado wanaendelea kuchunguzwa, lakini ukiona mpaka ini limebadilika huwezi tena kusema mazoezi ni kuunguza mafuta tu.

Wapinzani wana hoja nyingine ambayo ni nzito kuliko ya uzito, kwamba miili haifanani. Ni kweli, utafiti wa HERITAGE uliwapa watu mazoezi yaleyale kwa wiki 20, wengine uwezo wao wa kutumia oksijeni ukapanda sana na wengine karibu haukusogea, na karibu nusu ya tofauti hiyo inahusishwa na familia mtu anayotoka. Lakini asiyepanda kwenye kipimo kimoja anaweza kupanda kwenye kingine, na hiyo kwangu ni sababu ya kupima vitu vingi zaidi, sukari ya asubuhi kabla ya kula, kile kipimo cha sukari ya miezi 3, presha, mapigo ya moyo ukiwa umepumzika. Watu wanaacha mazoezi mwezi wa pili kwa sababu walipewa mizani peke yake, inaniuma sana, maana wengi wao msuli ulikuwa umeshaanza kubadilika.

Na kwa vile huko kuisikia insulini vizuri kunaisha baada ya siku moja mbili, jogingi ya Jumamosi peke yake haiwezi kuhudumia sukari ya Jumatano, ushauri wa kawaida kwa wenye kisukari ni usipitishe siku mbili mfululizo bila kuutumia mwili, hata kama ni kutembea haraka tu. Anayechoma insulini au kumeza dawa zinazoshusha sukari aongee na daktari wake kwanza na awe na kitu cha sukari mfukoni, kwa sababu dawa na msuli vikivuta sukari kwa pamoja inaweza kushuka ghafla, hata saa kadhaa baada ya kumaliza mazoezi.