Mume Wangu Kanipeleka Msituni, Mna Swali?

"Kwani mlienda kutambika?"

Hivyo ndivyo nilivyopokelewa ofisini Mtumba, hapa Dodoma, niliporudi likizo. Nilikuwa nimeonyesha picha moja tu: mimi na Baba Nuru, tumelowa chapachapa, nyuma yetu maporomoko ya Sanje, kwenye Hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Aliyeuliza ni mtu mzima, ana shahada mbili. Wenzake wakaangua kicheko, na mmoja akaongeza la kwake: "Dada, hela hiyo si bora mngepandisha kozi mbili za tofali pale kiwanjani Nala?" Wengine wakauliza msitu una nini, wakasema hayo ni mambo ya wazungu.

Nikacheka nao. Sasa niko nyumbani, watoto wamelala, na sicheki tena.

Hela kwanza, tuimalize. Tulipanda SGR hadi Morogoro, tukachukua basi la Ifakara pale Msamvu, tukashuka Mang'ula. Gesti ya kawaida, wali na samaki kila jioni. Kiingilio cha Mtanzania hifadhini hakifiki bei ya kuku wa kienyeji hapa Majengo. Jumlisha vyote, na askari wa kutuongoza, bado haifiki tulichochanga mwaka huu kwenye harusi za watu, na nusu ya maharusi hao nikipishana nao barabarani siwajui. Kwenye kadi za michango sijawahi kusikia mtu akinikumbusha tofali.

Kwa hiyo tuambiane ukweli, kinachowakera si hela. Kinachowakera ni kwamba nilikwenda na mume wangu.

Huku kwetu mke husafiri na mumewe kwa sababu nne: msiba, harusi, hospitali, na Krismasi kwa wakwe. Zaidi ya hapo watu wanaanza kukuna vichwa. Mama mkwe alipopigiwa simu kwamba tumeondoka wawili, watoto tumemwachia wifi, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mgonjwa nani?" Simlaumu, ni mama wa watu, hajawahi kuona. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alistaafu bila kumpeleka mkewe hata Kondoa kutembea tu. Sasa huyu wa shahada mbili naye tumwachie?

Tukiwa safarini, gesti ya kwanza tuliyoingia, binti wa mapokezi alinitazama mimi, akamtazama Baba Nuru na begi lake la mgongoni, akauliza kwa sauti ya upole kabisa: "Mnalala au mnapumzika?" Mimi! Nina ndoa ya kanisani, nina watoto watatu, naulizwa kama napumzika! Baba Nuru akapaliwa. Binti hakuwa na ubaya, anajua kazi yake. Uzoefu umemfundisha kwamba mwanaume aliye mbali na nyumbani kwake, anacheka na mwanamke, amembebea chupa ya maji, huyo mwanamke si mkewe. Mke yuko nyumbani anasubiri hela ya gesi. Mchepuko ndio hupelekwa kutembea, mke hupelekwa kumjulia hali shangazi. Na sisi wenyewe wenye ndoa tumekubali, tunaona ndio utu uzima.

Sheria ya Ajira ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka. Watumishi wa serikali tunajua hata na nauli yake, kila baada ya miaka miwili. Hebu niambieni zinakwenda wapi. Likizo yake Baba Nuru anakwenda kusimama na fundi juani. Yangu nakwenda shamba, au namuuguza mtu. Wala hatuchukui likizo mwezi uleule, maana nani atabaki na watoto? Mwaka unaisha mmepishana mlangoni, mnaongea ada na LUKU. Halafu mchungaji anawaita semina ya ndoa ukumbini, viti vya plastiki, mnaambiwa muwe mnazungumza.

Tulizungumza Udzungwa. Ile hifadhi, tangu ianzishwe 1992, haina barabara ya gari ndani. Kilomita za mraba 1,990 na zote ni za miguu, hakuna kujificha nyuma ya kioo cha Land Cruiser. Mtandao ukakatika mapema tu, simu ikageuka kamera. Askari mbele na bunduki yake, mimi katikati, Baba Nuru nyuma anahema. Njia ya Sanje inapanda kwa ukali, mizizi ndiyo ngazi, na mtu aliyezoea vumbi letu la Agosti anashangaa udongo unaonyonya kiatu. Mahali fulani askari akainua mkono tusimame. Juu yetu matawi yanatikisika, mbega wekundu, kundi zima, mmoja amekaa kabisa anatutazama huku anatafuna majani, wala hana habari na sisi. Mbele kidogo akatuonyesha mangabi wa Sanje, kima asiyepatikana popote duniani isipokuwa milima hii. Wanasayansi walimgundua 1979. Wenyeji walikuwa wanaishi naye siku zote, lakini haya, kagunduliwa.

Maporomoko yale yana mita 170. Tulipofika juu, bonde la Kilombero limetandazwa chini na mashamba ya miwa, nikageuka nimwambie mume wangu aje aone. Hayupo. Amekaa chini, amekumbatia mzizi, macho ameyafumba. Baba Nuru anaogopa kimo! Miaka yote hii sijui. Ningejulia wapi? Kazi yake ni ya mezani, nyumba yetu haina ghorofa. Nikakaa naye pale, nikamshika mkono, na yeye ambaye nyumbani huongea na taarifa ya habari akaanza kunisimulia alivyowahi kukwama juu ya mnara wa tangi shuleni, wenzake wakamcheka mpaka mkuu wa shule akaja na ngazi. Semina gani ya ndoa itanipa hilo?

Na kwa wale wa "msitu una nini": mito inayoshuka milima ile inaingia Kilombero, Kilombero inaingia Rufiji, na Rufiji ndiyo inayozungusha mitambo ya Bwawa la Nyerere, megawati 2,115. Taa inayokuangazia ukiandika vichekesho vyako huenda imeanzia pale. Lile la "mambo ya wazungu" silijibu, miguu ni yangu.

Haya, nakubali, siafu wapo. Waliniingia suruali na nikavua viatu mbele ya askari wa serikali. Magoti yaliuma mpaka nilishuka ngazi za gesti kinyumenyume. Na mwenye wazee wa kuuguza na ada ya muhula mezani, sina la kumwambia, likizo yake ina wenyewe. Ila siku hizi namwona kila mwenye sababu ana pia picha za Zanzibar alikokwenda na washkaji.

Halafu kuna hili, basi linapokatiza Hifadhi ya Mikumi, tembo wakionekana pembeni, abiria wote wanajazana dirishani, simu juu, "huyo, huyo, ana mtoto!" Kumbe wanyama tunawapenda sana, mradi tusishuke.

Mwakani tunataka kilele cha Mwanihana, kilomita 38, siku tatu, kulala kwenye hema. Baba Nuru anasema atakwenda ila asiambiwe tuko mita ngapi. Wifi amekubali kubaki na watoto, kwa sharti la mchele wa Ifakara, na ameshataja kilo.