Kabla ya Kusema Hataki, Tazama Bei

Mtoto mwenye usonji akipata nyota kila anapofunga kiatu, na nyota tano zikampatia dakika kumi za bembea, hakosi mtu wa kusema anahongwa. Lawama hiyo ina mizizi. Miaka ya 1960, katika hospitali ya Anna State huko Illinois, Marekani, Teodoro Ayllon na Nathan Azrin waliwapa wagonjwa wa akili tokeni, yaani vipande vya kubadilishana na vitu kama zile nyota za mtoto, kwa kazi walizofanya. Miongoni mwa vitu walivyoweza kununua kwa tokeni hizo ni faragha, na ruhusa ya kutoka wodini. Mipango ya aina hiyo ikaenea hadi kwenye taasisi za watu wenye ulemavu wa akili. Mwaka 1972, katika kesi ya Wyatt dhidi ya Stickney, mahakama ya shirikisho huko Alabama ikaweka wazi kwamba lishe ya kutosha, faragha na kutembelewa na jamaa ni haki ya mkazi.

Uamuzi ule ulihitajika sana. Ila wengi wamebaki kuuona uchumi wa tabia, yaani kuitazama tabia ya mtu kama manunuzi yenye bei, kama ufundi wa kuwafungia watu vitu kabatini, na sehemu yake iliyo bora hawajaonyeshwa.

Sehemu hiyo ni bei, yaani kazi au juhudi inayotakiwa ili mtu apate kitu. Chukua kijana asiyezungumza, mpe biskuti na muziki, kila kimoja kwa kazi moja ndogo. Anavichukua vyote, nasi tunaandika kwamba anavipenda sawasawa. Pandisha sasa: kazi tano, kisha kumi. Biskuti anaiacha, muziki bado anauhangaikia. Amekwisha kutueleza kilicho muhimu kwake, jambo ambalo walezi wamekuwa wakilibahatisha kwa miaka.

Au yule anayepiga kelele darasani ili aachwe apumzike. Kelele hazimgharimu kitu na jibu lake ni la papo hapo. Kuomba kwa maneno kunamtoa jasho, na pengine mwalimu asimwelewe. Kelele ni duka la jirani. Mwekee mezani kadi ya kuombea mapumziko, na kila anapoigusa apewe mapumziko kweli, mara nyingi kelele hupungua bila fimbo wala karipio. Hapo aliyebadilika kwanza ni mpanga bei.

Matokeo ninayoyarudia kila mara ni ya Iser DeLeon na wenzake, yaliyochapishwa mwaka 2014. Walifanya kazi na watu wenye ulemavu wa akili na wa ukuaji, wakawapa njia mbili: kulipwa kidogo kidogo baada ya kila kazi, au kumaliza kazi zote kisha kupata muda mrefu usiokatizwa. Kwa shughuli wanazozipenda, walio wengi walichagua kungoja. Tafakari hilo. Mazoea ya muda mrefu yanatufundisha kwamba watu hawa hawawezi kusubiri, kwa hiyo walipwe hapo hapo, vipande vipande. Lakini nani anafurahia filamu inayozimwa kila baada ya sekunde thelathini? Huenda mara nyingi tulipoandika “hana subira” tulikuwa tumemuuzia starehe iliyokatwakatwa, naye akaikataa kama ambavyo mimi na wewe tungeikataa.

Wakosoaji, wakiwemo watu wazima wenye usonji waliopitia mipango hii utotoni, wana hoja ambayo hesabu za bei haziifuti. Sokoni, bei ikikuchoma unaondoka. Mtoto aliye mbele ya mwalimu haondoki. Mshika tokeni ndiye mwenye duka, ndiye mwajiri, na ndiye anayeandika ripoti ya kwamba mpango umefaulu. Akiamua kwamba kumtazama mtu machoni ni kazi inayolipwa, nani atampinga?

Na lipo jambo gumu zaidi. Tangu Steven Hursh alipozieleza mwaka 1980, wataalamu hutenganisha hali mbili: kitu kupatikana kwa kazi tu, na kitu kupatikana pia nje ya kazi. Katika hali ya kwanza mtu huvumilia bei kubwa zaidi. Basi kishawishi kiko wazi: funga bembea Jumamosi na Jumapili, ili Jumatatu iwe na thamani. Mimi natetea kupima bei, na natetea zaidi kuishusha. Lakini bembea ya Jumapili iachwe wazi, hata kama nyota za Jumatatu zitapoteza nguvu.