Yesu wa mpingo na Yesu wa plasta

Ingia katika parokia nyingi za Afrika Mashariki utakuta sura zilezile: Bikira Maria wa plasta mwenye vazi la buluu, vituo 14 vya Njia ya Msalaba vyenye askari wa Kirumi na akina mama wa Kizungu, na pembeni mwa altare picha ya Yesu wa Huruma ya Mungu, ambayo ya kwanza ilichorwa Vilnius mwaka 1934. Kila kanisa jipya linapokaribia kutabarukiwa, swali hurudi: tuendelee na hizi, au tuweke sanaa yetu?

Wanaotaka sanaa yetu wana msingi imara. Hati ya Liturujia (ibada) ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima, ya mwaka 1963, inasema Kanisa halina mtindo mmoja wa sanaa ulio wake peke yake. Papa Paulo VI alipofika Kampala mwaka 1969 aliwaambia Waafrika kwamba wanaweza, tena hawana budi, kuwa na Ukristo wa Kiafrika. Na kuna jambo linaloniuma zaidi ya hati zote. Mtoto akikua anaona watakatifu wote ni weupe, na mweusi pekee ukutani ni shetani aliyekanyagwa na Malaika Mikaeli, anajifunza kitu ambacho katekista hakukusudia kumfundisha.

Tena jambo lenyewe ni la zamani. Baada ya Nzinga a Nkuwu, mfalme wa Kongo, kubatizwa mwaka 1491, mafundi wa huko walianza kusubu misalaba ya shaba. Utazame mmoja kwa karibu: Kristo ana uso wa Mkongo, na juu ya mikono ya msalaba wamekaa watu wadogo waliofumbata viganja, kama wanaosali pamoja naye. Hakuna aliyewaagiza kutoka Roma wamchonge hivyo.

Lakini misalaba hiyohiyo iligeuka alama ya mamlaka ya machifu, ikaapiwa, ikatumika katika uganga. Na mwaka 1706 Kimpa Vita, binti aliyefundisha kwamba Yesu alizaliwa Kongo, alichomwa moto. Adhabu ile ilikuwa ukatili mtupu. Hata hivyo wenye wasiwasi wana haki ya kuuliza: tukimpa kila kabila Yesu wake, yule Myahudi wa Nazareti atabaki wapi? Ni swali la haki, ila linakata pande zote mbili. Anayelileta dhidi ya Yesu mweusi hana budi kulileta pia dhidi ya Yesu mwenye macho ya buluu.

Hoja ya wahafidhina ninayoiheshimu zaidi ni nyingine. Mtaguso wa Pili wa Nikea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima inayotolewa kwa picha humwendea aliyechorwa. Bibi aliyemlilia Mama Maria wa plasta wakati mwanawe anaumwa hakuililia rangi. Ukija kuiondoa sanamu ile kwa jina la Uafrika, umemnyang'anya sehemu ya maisha yake. Plasta nayo, baada ya vizazi vitatu vya rozari, imeshakuwa mila yetu.

Isitoshe, Uafrika huu mara nyingi umesukumwa na wageni. Kituo cha sanaa cha Kungoni, Mua, nchini Malawi, kilianzishwa mwaka 1976 na padri Mkanada, Claude Boucher Chisale. Kanisa la Namugongo, lenye umbo la msonge na nguzo 22 kwa ajili ya mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda, lilisanifiwa na Mswisi, Justus Dahinden. Mimi sioni kasoro hapo. Mahujaji wa tarehe 3 Juni wamelifanya kanisa lile kuwa lao kwa miguu yao. Ila inanifanya niamini kwamba tunabishania uso wa sanamu tukisahau mikono inayoichonga.

Mikono hiyo ipo. Fundi hodari wa mpingo anajua kuutumia mti ulivyo: kiini cheusi kinakuwa mwili wa Kristo, na tabaka la mti lililo kati ya gome na kiini, lenye rangi ya maziwa, analiacha liwe kitambaa kiunoni au mwanga nyuma ya kichwa. Msalaba wa namna hiyo mara nyingi huishia kwenye sanduku la mtalii, huku kamati ya ujenzi ikiagiza sanamu ya kiwandani.

Kwa hiyo za zamani zibaki, na zitunzwe vizuri. Kwa kanisa jipya, mchongaji aitwe wakati ramani inachorwa, asisubiri kuta zipakwe rangi. Paroko na katekista wakae naye wamsomee Injili ya Mateso, hata kama yeye si Mkristo, ajue anachokichonga. Na kwenye bajeti ya harambee, panapoandikwa bati, saruji na vigae, paandikwe pia ujira wake, sawa na wa fundi mwashi.