Bibi yangu wa Wete

Asanteni kwa hii habari ya wanawake wanaochambua karafuu Pemba, wallahi imenirejesha kwa bibi yangu Wete, mzaa mama, alofariki mwaka juzi Allah amrehemu. Kazaa saba kisha akatulea na sie wajukuu kwa karafuu hizo hizo, usiku anakaa kwenye jamvi na taa ya chemni anachambua, makonyo, vile vijiti vyake, mbali karafuu mbali, mpaka ncha za vidole zimekuwa nyeusi, na harufu ile haikumtoka hata siku ya Iddi na udi kajifukiza. Wingu likitanda yeye ndo wa mwanzo kukimbilia uwanjani kuanua, karafuu ikirowa inaharibika rangi bei inashuka. Sare zangu za skuli zimetoka hapo. Tulipofungua sanduku lake tukakuta kanga, pindoni kafunga karafuu tatu.