Mfalme wa kopa hajiui

Ule ujumbe wa karata na kalenda bado unazunguka WhatsApp. Karata 52 ni wiki za mwaka, aina nne ni majira manne, na ukijumlisha alama zote, ree ikiwa moja na mfalme kumi na tatu, unapata 364. Ongeza jokeri moja, mwaka umetimia.

Hesabu yenyewe haina kosa. Kosa ni kudhani kuna mtu aliyeipanga. Jokeri ilizaliwa Marekani miaka ya 1860 kwa ajili ya mchezo wa euchre, na wakati huo karata zilikuwa zimeshachezwa Ulaya karibu karne tano. Firenze, Italia, walizipiga marufuku mwaka 1377. Wahispania wana pakiti za karata 40, Wajerumani za 32, na mwaka wao una wiki zilezile. Karata hazina siri ya unajimu. Zina historia ya mafundi, watoza ushuru na wachezaji, na kwangu hiyo ndiyo tamu zaidi.

Mchukue mfalme wa kopa, yule anayesemekana kujichoma upanga kichwani. Toa pakiti yako umtazame vizuri. Mkono umeinuliwa, mpini unaonekana, halafu bapa linapotelea nyuma ya kichwa. Mlinganishe na mfalme wa shupaza, ambaye upanga wake unaonekana wote. Picha hizi zilitoka Rouen, Ufaransa, na huko katika karne ya 16 mfalme wa kopa alishika shoka, ameliinua tayari kupiga. Waingereza walizinunua kwa wingi, kisha mwaka 1628 wakazuia karata za nje na kuanza kuchapa zao. Mchongaji wa kibao cha mbao hakuwa na habari za mfalme. Alikuwa na karata ya mwenzake mbele yake na nafasi finyu ya kuijaza. Kichwa cha shoka kikakatwa na ukingo wa fremu. Aliyefuata akaona mpini usio na kitu, akaudhani upanga. Masharubu nayo yakapotea vivyo hivyo, ndiyo maana huyu peke yake kati ya wafalme wanne hana. Karne ya 19 walipoanza kuchora vichwa viwili, juu na chini, miguu na nusu ya kila kitu kilichoshikwa ikaondoka.

Na wale wanaosema wafalme wanne ni Daudi, Aleksanda, Kaisari na Charlemagne, wanasema kweli kuhusu karata za Paris, ambako majina huchapwa pembeni. Pakiti tunazouziwa madukani ni za sura ya Kiingereza, na hizo hazikuwahi kuwa na majina.

Ree ya shupaza je, mbona inarembwa kuliko nyingine? Ushuru. Uingereza ilipandisha kodi ya karata mwaka 1711, na kuanzia 1765 serikali yenyewe ndiyo iliyochapa ree hiyo kama risiti ya malipo. Kuighushi ilikuwa kosa la kunyongwa. Kodi ilifutwa mwaka 1960, lakini mapambo yamebaki.

Poka ilianza na karata 20 tu. New Orleans na kwenye meli za mvuke za mto Mississippi, mwanzoni mwa karne ya 19, watu wanne waligawiana ree, wafalme, malkia, maghulamu na kumi, tano kila mmoja, pakiti ikaisha. Hakukuwa na kubadilisha karata. Mwenye ree nne alijua hakika hakuna wa kumshinda. Karata tano za aina moja zilipatikana kwa njia nne tu kati ya 15,504, kwa hiyo hakuna aliyezihesabia. Pakiti ilipofika 52, wachezaji wakaongezeka, kubadilisha karata kukawezekana, na aina moja ikapata cheo chake.

Hapo ndipo wengi hukosea wanapocheza na pakiti pungufu ya 36, kuanzia sita. Katika 52, tatu-na-mbili (tatu za cheo kimoja na mbili za cheo kingine) hutokea kwa njia 3,744 na aina moja kwa 5,108, kwa hiyo tatu-na-mbili hushinda. Katika 36, tatu-na-mbili ni njia 1,728, aina moja 480. Cheo lazima kigeuzwe, la sivyo mnalipa zaidi kwa kilicho rahisi kupatikana.

Husemwa pia kwamba Wild Bill Hickok, mpiga bastola maarufu wa Marekani, alikuwa ameshika ree nyeusi na nane nyeusi alipopigwa risasi mezani Deadwood tarehe 2 Agosti 1876. Maelezo ya karata hizo yalienea kitabuni nusu karne baadaye. Siyaamini.

Ajabu ya kweli iko kwenye mikeka ya pwani. Kopa, shupaza, uru na pau ni majina ya Wareno, na alama zao za zamani za vikombe, panga, sarafu na magongo zilitoka kwa Wamamluk, watawala wa zamani wa Misri. Pakiti yao moja ipo katika jumba la makumbusho la Topkapı, Istanbul. Mfalme na manaibu wake wawili wameandikwa kwa hati, hawana nyuso. Sasa cheza wahedi wa sitini, mchezo wa karata wa pwani. Ree pointi 11, saba 10, mfalme 4, ghulamu 3, malkia 2. Jumla 120, ukifika 61 umeshinda. Mgeni hushangaa saba kumla mfalme na ghulamu kumzidi malkia. Ni kwa sababu Wareno walicheza michezo ya namna hii kwa karata 40, bila nane, tisa wala kumi, saba ndiyo ilikuwa kubwa kati ya karata za namba; na mwanamke katika picha zao alikuwa kijakazi, chini ya mpanda farasi. Karata za Kifaransa zilipoingia, malkia alirithi nafasi ya kijakazi, na ghulamu akachukua ya mpanda farasi.