Dhahabu ya George Goulding ina uzito gani?

Ukiyatazama matokeo ya Olimpiki ya London ya 1908, George Goulding wa Kanada, mzaliwa wa Hull nchini Uingereza, huoni cha kukushtua. Kwenye marathoni alimaliza wa 22, zaidi ya nusu saa baada ya mshindi, Mmarekani Johnny Hayes. Kwenye kutembea kwa kasi mita 3,500 alikuwa wa nne, akaikosa medali kwa nafasi moja. Miaka minne baadaye, Stockholm, akachukua dhahabu ya kutembea kilomita 10. Je, huyu ni bingwa wa kweli, au ni mkimbiaji aliyeshindwa akakimbilia mchezo wenye ushindani hafifu?

Wanaomshusha wana hoja. George Larner, Mwingereza aliyezoa dhahabu zote mbili za kutembea mwaka 1908, hakuwepo Stockholm. Aliyemfuata Goulding, Ernest Webb, alikuwa na umri wa miaka 38. Tena kati ya watembeaji 10 wa fainali, wanne tu ndio walioufikia utepe. Waliobaki waliondolewa na waamuzi au walijitoa wenyewe.

Hoja ya waamuzi ndiyo nzito kuliko zote. Katika mchezo huu kisigino cha mguu wa mbele lazima kiguse ardhi kabla vidole vya mguu wa nyuma havijanyanyuka. Miguu yote miwili ikiwa hewani, hata kwa kufumba na kufumbua, huo umekuwa mkimbio. Mwaka 1912 jicho la mwamuzi ndilo lililokuwa kila kitu, na macho ya watu wawili hayaoni sawa. Malalamiko ya aina hiyo yaliendelea hadi kutembea kukaachwa nje ya Olimpiki ya 1928, kisha kukarudi 1932 kwa umbali wa kilomita 50. Kwa hiyo anayeitilia shaka medali yoyote ya enzi hizo hana kosa.

Lakini mizani hiyo ina upande wa pili. Waamuzi wakali humwadhibu anayeruka, na Goulding alibaki uwanjani wakati wenzake wakitolewa. Halafu zitazameni saa. Stockholm alitumia dakika 46 na sekunde 28, yaani dakika 4 na sekunde 39 kwa kilomita. Webb aliachwa kwa zaidi ya sekunde 20. Na ile marathoni ya London, aliyoikimbia kwenye joto la Julai? Saa 3 na dakika 33, sawa na dakika 5 na sekunde 3 kwa kilomita. Kwa kilomita moja moja, mtu huyu alitembea upesi kuliko alivyokimbia! Umbali si sawa, najua, na kilomita 42 humpokonya mtu miguu. Lakini mwenye mwendo wa namna hiyo hakuja kwenye kutembea kutafuta hifadhi. Alikuwa amekipata kipaji chake.

Ninachoona kinampa ukubwa zaidi ni cha mwaka 1915, huko New Brunswick katika jimbo la New Jersey, wala si Stockholm. Siku hiyo alitembea maili 7 kwa dakika 50 na sekunde 40. Piga hesabu: ni takriban dakika 4 na nusu kwa kilomita, upesi kuliko fainali ya Olimpiki, na kwa umbali mrefu zaidi. Rekodi hiyo haitegemei nani alikuwepo wala nani alistaafu. Ila nayo ililindwa na macho yale yale ya waamuzi, kwa hiyo kwa wasioamini hata kidogo, ubishi haujaisha. Mimi naamini, kwa sababu mtu asiyejua kutembea kihalali angekuwa ameshaondolewa mara nyingi kabla ya kufika mwaka 1915. Larner ndiye pekee ninayemkosa kwenye hadithi hii: laiti wangekutana Stockholm, tungekuwa tunabishania jambo jingine.